Hema la watu wawili kutoka Moshi hadi Pangani: tathmini baada ya safari ya baiskeli

Hema ninalolitathmini hapa ni lile la umbo la kuba, lenye fito mbili za fibaglasi zinazopishana juu, chumba cha ndani cha poliesta chenye paa la chandarua, na kifuniko cha mvua kinachovutwa juu yake na kufungwa kwenye pembe nne. Sakafu yake ina urefu wa sentimeta 200 na upana wa sentimeta 150, kimo chake katikati ni sentimeta 110, na likikunjwa pamoja na fito na vigingi lina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Mahema ya namna hii yanauzwa Arusha, Moshi na Kariakoo kwa majina mbalimbali, na mara nyingi jina lililochapwa kwenye mfuko halimsaidii mnunuzi kumjua aliyelitengeneza, kwa hiyo nitalieleza kwa umbo na vipimo, mambo ambayo mtu anaweza kuyahakiki mwenyewe dukani. Langu nililinunua kwa shilingi 120,000.

Nimelitumia pamoja na mjomba wangu katika safari ya baiskeli iliyoanzia Moshi, ikapita Same, Mombo, Lushoto, Korogwe na Muheza hadi Pangani, kisha ng'ambo ya mto hadi Ushongo. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: ni hema linalofaa nyanda kavu na pwani, linahimili ukungu wa milimani endapo mwenyewe amelifanyia kazi kabla ya kuondoka, na maneno "watu wawili" yaliyoandikwa kwenye mfuko wake hayafai kuaminiwa na watu wazima wawili wanaosafiri na mizigo yao.

Njia yenyewe ni kipimo kizuri. Kutoka Moshi, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, barabara kuu inafuata nyika kame ikiiacha Milima ya Upare mkono wa kushoto, inapita Mwanga, Same, Makanya, Hedaru na Mkomazi, kisha inaingia chini ya Usambara hadi Mombo. Hapo tuliiacha barabara kuu tukapanda kwa kilomita zipatazo 33 kupitia Soni hadi Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baadaye tukateremka tena kuelekea mashamba ya mkonge ya Korogwe na hatimaye pwani. Katika zaidi ya kilomita 400 hema linakutana na vumbi, miiba, upepo, baridi, ukungu, mchanga na chumvi, na yote hayo bila kutoka katika mikoa miwili ya Kilimanjaro na Tanga. Tulisafiri wakati wa kipupwe, msimu ambao kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, maana yake anayetoka Moshi kwenda baharini anaukabili upepo uso kwa uso karibu safari nzima, na jioni anafika amechoka kuliko umbali unavyoonyesha kwenye ramani. Mtu wa namna hiyo hana subira na hema linalomsumbua, na hema hili kwa upande wa kusimamisha halimsumbui mtu. Watu wawili wanalisimamisha katika muda wa kuchemsha birika la chai: mmoja anaunga fito, mwingine anatandaza sakafu, na kwa kuwa linasimama lenyewe bila kamba, linaweza kunyanyuliwa zima na kuhamishwa likionekana limekaa juu ya jiwe.

Nianze na nafasi, kwa sababu ndipo maneno ya muuzaji yanapopishana na hali halisi. Sentimeta 150 zikigawanywa kwa watu wawili ni 75 kwa kila mmoja, na kuta za kuba zinapoinama kuelekea ndani, kile kipande cha pembeni kabisa hakilaliki. Mjomba, aliyestaafu kazi ya ufundi wa reli, ni mtu wa mwili mpana. Tulipotandika magodoro yetu ya sponji yaligusana, na hapakubaki mahali pa kuweka chochote isipokuwa tochi, chupa za maji na nguo za kesho zilizokunjwa chini ya kichwa. Wapo watakaosema kubanana ni sehemu ya kupiga kambi. Lakini kwetu mpwa na mjomba wake wana mipaka ya heshima ambayo haiondoki kwa sababu wako porini, na katika chumba ambacho hakuna anayeweza kusimama wima, kuvua nguo zenye jasho na kuvaa za kulalia ni jambo la kupangiwa utaratibu. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mmoja anaingia, anabadili, anajifunika, ndipo mwingine anaitwa. Utaratibu huo ulituhifadhia staha, ingawa mvua ikinyesha anayesubiri nje analowa.

Tatizo linazidishwa na mlango kuwa mmoja tu. Anayelala upande wa ndani hawezi kutoka usiku bila kumruka mwenzake. Mjomba huamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya sala, kwa hiyo upande wa mlangoni ulikuwa wake, nami nilijifunza kunywa maji mapema jioni. Hema lenye milango miwili inayotazamana lingemaliza kero hiyo yote, na ningemshauri yeyote anayesafiri na mtu anayemheshimu aongeze fedha kwa ajili hiyo kabla ya kuongeza fedha kwa ajili ya wepesi. Vilevile halina kibaraza, yaani ile sehemu ya kifuniko cha mvua inayotokeza mbele ya mlango na kutoa hifadhi kwa viatu, jiko na mifuko. Mizigo yetu ililala nje kwenye baiskeli, imefunikwa kwa turubai na kufungwa mnyororo, na usingizi wa mtu ambaye mali yake iko nje si usingizi kamili. Ndugu wa hema hili, linaloandikwa "watu watatu", huwa na upana wa sentimeta 180 au zaidi na huongeza uzito mdogo tu. Kwa watu wazima wawili hilo ndilo la kununua.

Upepo ulituonyesha udhaifu mwingine. Nyika ya kati ya Same na Makanya haina kizuizi, na kusi inayopanda kutoka pwani inaipiga bila huruma mchana hadi usiku. Fito za fibaglasi za hema hili zimekatwa vipande vifupi, na kila kipande kina kikombe cha chuma mwishoni ambamo kipande kinachofuata huingia. Ufito unapopinda kwa upepo, mzigo wote unaishia kwenye mdomo wa kile kikombe. Hapo ndipo ulipopasuka, kwa urefu, kama bua la mtama linavyochanika, ukatoa nyuzi nyembamba za kioo zinazochoma vidole na hazionekani kwa tochi. Mjomba hakusema neno. Alichukua spoki ya akiba, akaikata vipande viwili kwa koleo, akaviweka pande mbili za ufa, kisha akavizungushia mpira wa tyubu kuukuu aliokuwa ameukata utepe mwembamba, akiuvuta kwa nguvu kila mzunguko na kuulaza juu ya ule uliotangulia nusu kwa nusu, mpaka pakawa na kifundo kigumu chenye unene wa kidole gumba. Kifundo hicho hakikuweza tena kupita kwenye mfereji wa kitambaa, ikabidi tuchane sentimeta chache za mshono, lakini ufito ulifika Ushongo ukiwa mzima. Fito za alumini zingekunjika badala ya kupasuka, na hunyooshwa kwa mkono. Anayebaki na fibaglasi asiondoke nyumbani bila spoki mbili tatu na tyubu kuukuu, vitu ambavyo mwendesha baiskeli anavibeba hata hivyo.

Kamba zinazokuja na hema ni nyuzi nyembamba za nailoni zinazolegea zikilowa, na vigingi vyake ni waya laini unaopinda ukikutana na udongo mkavu wa Same. Vigingi tulivibadilisha kwa vipande vya nondo nyembamba vilivyokunjwa kichwa na fundi wa kuchomelea. Kamba tulizibadilisha Korogwe, na hapo nilifurahi kununua kamba ya katani katika nchi ya katani. Kilimo cha mkonge ule unaojaza bonde kutoka Mombo hadi Muheza kilianza na miche 62 tu, iliyosalimika katika shehena ya Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, upande uleule tuliokuwa tunaelekea. Kamba ya katani ina tabia ambayo mpiga kambi anapaswa kuijua: ikilowa umande hujikaza. Ukiifunga kwa nguvu jioni, usiku itavuta kitambaa mpaka mishono ilie. Inafungwa ikiwa imelegea kidogo, nayo hujirekebisha yenyewe kadiri usiku unavyoingia.

Lushoto palihitaji mambo tofauti. Tulipiga kambi Irente, nje kidogo ya mji, penye shamba la Kanisa la Kilutheri linalopokea wageni wenye mahema na kuuza mkate, jamu na jibini vinavyotengenezwa palepale, na napapendekeza kwa moyo wote kwa mtu aliyetoka kupanda mlima wa Soni kwa baiskeli yenye mzigo. Usiku wa kipupwe huko ni wa baridi kali kwa mtu wa bondeni, na ukungu unashuka mapema. Watu wawili wanaopumua katika chumba kidogo wanatoa maji mengi kuliko mtu anavyodhani, na mvuke huo ukigusa kifuniko kilichopoa kwa ukungu wa nje, unageuka matone. Kwenye hema hili kifuniko kinakaa karibu mno na chumba cha ndani, hasa upande wa miguu, kwa hiyo matone hayateremki nje bali yanapenya kwenye chumba na kulowesha shuka. Asubuhi ya kwanza tulidhani mvua imevuja. Usiku uliofuata tulivuta kifuniko mbali kwa kamba mbili za ziada na kuacha zipu ya mlango wazi kiasi cha kiganja juu, nasi tukaamka wakavu, kwa gharama ya baridi iliyotulazimisha kuvaa soksi mbilimbili.

Kuhusu mvua yenyewe, lebo ya hema inasema milimita 1,500. Namba hiyo ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuihimili kabla hakijaanza kupitisha, na kwa manyunyu ya Usambara inatosha. Lakini kitambaa si mishono. Kila tundu la sindano ni mlango, na katika mahema ya bei hii mishono ya kifuniko mara nyingi haijabandikwa utepe kwa ndani. Kabla ya kuondoka nilisugua nta ya mshumaa kwenye mishono yote ya kifuniko, pande zote mbili, kisha nikapitisha kijiko cha moto juu ya karatasi ili nta iyeyuke na kuingia ndani, na kazi hiyo ya jioni moja ilitulipa Irente. Hata hivyo sitalipeleka hema hili kwenye mvua za masika, na simshauri mtu alipeleke.

Pwani ndipo lilipong'ara. Ushongo usiku kuna joto, unyevu na mbu, na ile chandarua inayofunika paa zima, ambayo Lushoto ilituibia joto, huku ikawa ndiyo sababu ya kulipenda. Tulilala bila kifuniko, upepo wa bahari ukipita moja kwa moja, huku mbu wakibaki nje. Vigingi havishiki kwenye mchanga laini, kwa hiyo tulijaza mchanga katika vipande vya kiroba, tukavifunga kamba na kuvifukia kwa kina cha mkono, na hakuna kilichong'oka. Jambo la kuangalia ni mahali. Kivuli cha mnazi kinavutia, lakini nazi na makuti hayaangalii aliyelala chini. Chumvi nayo huanza kula zipu mapema. Kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kuisugua mshumaa kila asubuhi kuliifanya iendelee kuteleza, na nauhesabu mshumaa kuwa kifaa cha lazima cha hema hili, hata kwa mtu mwenye taa ya sola.

Sakafu imeshonwa kwa plastiki nzito inayofanana na turubai, na ilistahili sifa, ila miiba ya mgunga na mbigiri za nyikani haziiogopi. Tulifagia mahali kwa tawi na kutandaza turubai chini kila jioni, tukihakikisha kingo zake hazitokezi nje ya hema, kwa sababu turubai linalotokeza hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini ya magodoro. Mahali penyewe hatukuwahi kujichagulia. Katika kila kijiji tulipiga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji kabla jua halijazama, na mara nyingi tulipewa uwanja wa shule au ua wa zahanati. Karibu na Mkomazi tulikuwa tumeshaonyesha mti tulioupenda, mwenyekiti akamwambia mjomba, "Mzee, pale pana siafu, na usiku hawabishi hodi. Njooni huku nyuma ya ofisi." Anayelala mahali alipoonyeshwa na mwenyeji analala salama kuliko anayejificha, na anapata maji ya kuoga juu yake.

Kuna jambo la kugawana hema ambalo wasafiri wa baiskeli wawili wanapaswa kuliamua kabla ya kuondoka. Ukilibeba mwenyewe lote, mwenzako anakuwa mwepesi nawe unachoka. Sisi tuligawa: mimi kitambaa, mjomba fito na vigingi. Mgawo huo ni wa haki lakini una sharti, kwamba hakuna kati yenu mwenye mahali pa kulala bila mwenzake, na katika barabara yenye upepo watu wenye umri tofauti hawaendi mwendo mmoja. Mjomba alitatua hilo kwa mambo ya kazi yake. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inaifuata barabara kuanzia Moshi hadi Korogwe, naye anavijua vituo vyote, kwa hiyo tulisubiriana kwenye vituo: Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mombo. Anayetangulia hapiti kituo. Tulipoachana na reli tuliweka sharti la kusubiriana penye mama lishe wa kwanza baada ya kila njia panda, na halikutuangusha.

Vifaa vingine navitaja kwa uchache. Mifuko ya keria tulishonewa Moshi na fundi wa maturubai ya malori, mifuko miwili miwili yenye kifuniko cha kukunja na ndoano za chuma bapa. Haikuingiza maji wala vumbi, na naiona bora kuliko ile ya nailoni inayouzwa pamoja na baiskeli. Jiko lilikuwa la spiriti, kwa sababu spiriti inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi katika kila mji mdogo ilhali mitungi midogo ya gesi ya kambi haipatikani nje ya miji mikubwa. Kwa chai ya asubuhi na uji lilitosha, na mlo wa jioni tulikula kwa mama lishe. Kuhusu tairi, wasafiri wawili na wawe na ukubwa mmoja ili tyubu za akiba ziwe za wote, na waangalie zaidi ya neno "28". Tairi ya inchi 28 ya baiskeli zetu za chuma inakaa kwenye rimu ya milimita 635, wakati tairi nyingi za baiskeli za kisasa zinazoandikwa 28 au 29 ni za milimita 622, na moja haiingii mahali pa nyingine. Ile ya 635 na ile ya kawaida ya inchi 26 ndizo zinazoning'inia kwenye maduka ya Hedaru na Muheza.

Kwa atakayelinunua hema hili au la watu watatu la aina hiyohiyo, amwombe muuzaji alifungue na kulisimamisha dukani kabla ya kulipa. Aingie na mwenzake atakayesafiri naye, walale chali wote wawili, wafunge zipu kutoka ndani na kuifungua kwa mkono mmoja. Ageuze kifuniko cha mvua aone kama mishono ina utepe kwa ndani, achomoe kila kipande cha ufito na kukagua mdomo wa kikombe chake, kwani ufa wa nywele huonekana ukipinda kidogo kwenye mwanga. Muuzaji akikataa kulifungua, duka la pili halitakuwa mbali. Na baada ya safari lisikunjwe likiwa na unyevu wa pwani: lianikwe kivulini mpaka likauke kabisa, kwa sababu ule utando wa ndani unaozuia maji huanza kunata na kubanduka ukihifadhiwa na unyevu mahali penye joto, na hapo hakuna mshumaa utakaolirudisha.